Jina la Nyumbani Lisipotee

Mtaa wa Kengeleni, Mombasa, ulipata jina kutokana na kengele ya Freretown, makazi ya watumwa walioachwa huru yaliyoanzishwa na wamishonari wa CMS mwaka 1875. Jamaa za hapo zinazokutana kufuatilia nasaba zao hukabiliwa na fumbo la lugha. Aghalabu jina la ukoo ndilo hutufikisha kwa mababu. Kwa wazawa wa Freretown, jina hilo mara nyingi hukomea kwenye ubatizo.

Mfano mwafaka ni Matthew Wellington, aliyefariki Mombasa mwaka 1935. Ukilisoma jina tu, utamdhania Mwingereza. Kumbe alizaliwa Myao, akaitwa Chengwimbe. Alitekwa utotoni, akaokolewa baharini, akasomeshwa Nasik, India, kisha akawa miongoni mwa walioibeba maiti ya David Livingstone hadi pwani. Jina Wellington halina hata chembe ya habari za Uyao wake.

Basi, wanaochora shajara ya ukoo wasitosheke na rejista ya kanisa. Hebu wamuulize bibi: babu yenu mlimwitaje nyumbani? Alipokasirika, alitamka maneno gani ambayo majirani hawakuyaelewa? Neno moja kama hilo laweza kuonyesha alikotoka mtu.

Kiswahili kina mjukuu, kitukuu na kilembwe. Bibi akiondoka kabla hajaulizwa, kilembwe atarithi jina la ubatizo tu.