Kufaulu, Kuchaguliwa na Mtakatifu Kayumba

Anayetaka kuchunguza jinsi shule zilivyobadilika kwa miaka huanza na sheria, sera na takwimu za uandikishaji. Si vibaya. Lakini yuko shahidi mwingine ambaye haitwi mara nyingi kutoa ushahidi, naye ni msamiati wa shule yenyewe. Shule ina tabia mbili za kumpoteza mtafiti: mara hubadilika ikaacha jina la kale mlangoni, mara hubadili jina ili mengine yabaki yalivyokuwa.

Chukua chuo. Kamusi ya Krapf ya mwaka 1882 inalieleza neno hilo kuwa ni kitabu, na Utendi wa Tambuka, ulioandikwa mwaka 1728, hujulikana pia kama Chuo cha Herekali, wala hakuna aliyedhani kuwa Herekali alikuwa na kampasi. Kutoka kwenye kitabu neno likahamia mahali kinaposomewa. Mtoto wa pwani alitiwa chuoni, akaanza na alifu, na siku alipoikamilisha Kurani alihitimu. Leo tuna vyuo vikuu, vyuo vya ualimu na vya ufundi, na mhitimu huvaa joho. Ukitazama maneno peke yake utasema ni mnyororo mmoja usiokatika. Sivyo. Mtoto wa chuoni alihitimu pale alipokimaliza kitabu, awe amechukua miaka miwili au mitano, na mwenziwe aliyekaa naye mkeka mmoja angeweza kuwa bado yuko kwenye juzuu ya kwanza. Mhitimu wa leo amemaliza miaka iliyopangwa.

Darasa nalo lilipita njia hiyohiyo. Darsa ya msikitini ilikuwa mkusanyiko wa wasikilizaji mbele ya sheikh, kijana kwa mzee. Darasa la tatu ni kundi la watoto wa takriban umri mmoja, wenye ratiba na kengele. Badiliko kubwa kuliko yote katika historia ya shule zetu, yaani kumpanga mtoto kwa umri na kalenda badala ya kitabu alichofikia, limejificha ndani ya maneno ambayo karibu hayakubadilika. (Kidato angalau kinasema ukweli: ni lile pengo linalochongwa kwenye mnazi ili mkwezi aweke mguu.)

Shule lenyewe ni neno la Kijerumani. Serikali ya kikoloni ilifungua shule yake Tanga mwaka 1892, na kilichotakiwa hasa ni makarani, wakalimani na watumishi wa chini wa utawala. Wajerumani waliondoka baada ya Vita Kuu ya Kwanza, neno likabaki. Zanzibar, ambako hawakutawala, watoto wanakwenda skuli hadi leo, na ndivyo vibao vya serikali vinavyoandikwa. Katanga na Kivu, nchini Kongo, wengi husema mtoto yuko masomo, na mimi naona hao ndio walioligusa jambo lenyewe kuliko sisi.

Neno ninalolitilia shaka kuliko yote ni kufaulu. Kwa miaka mingi Tanzania Bara, kusema mtoto amefaulu darasa la saba hakukuwa na maana kwamba amefikia alama fulani. Maana yake alichaguliwa kwenda sekondari. Aliyekosa nafasi alifeli, hata kama alama zake zingemfurahisha mwalimu yeyote. Mwaka 1967, katika waraka wa Elimu ya Kujitegemea, Mwalimu Nyerere alikumbusha kuwa ni asilimia 13 tu ya waliomaliza shule ya msingi waliopata nafasi ya sekondari. Kwa hiyo alitaka shule ya msingi iwe elimu kamili, imwandae mtoto kuishi na kufanya kazi kijijini, isiwe ngazi ya wachache. Hoja ilikuwa nzito, na serikali iliifanyia kazi: mashamba ya shule yakalimwa, na baada ya Azimio la Musoma la 1974 ikaamuliwa kila mtoto aingie shule ya msingi ifikapo 1977. Lakini nenda kijijini ukasikilize lugha ya wazazi. Waliendelea kuuliza, "Amefaulu?" Sera ilisema elimu imekamilika darasa la saba, kitenzi kikakataa. Uhaba wa madawati, ambao ulikuwa upungufu wa nchi, ukageuzwa upungufu wa mtoto, naye akaubeba maisha yake yote: "Mimi nilifeli la saba." Mtafiti anayesoma matokeo ya miaka ile bila kujua hilo atadhani anapima akili za watoto, kumbe anahesabu nafasi.

Ndiyo maana kuanzia 2004, mpango wa kujenga sekondari kila kata ulipoanza, idadi ya "waliofaulu" ilipanda. Akili za watoto hazikupanda ghafla. Majengo ndiyo yaliyopanda. Na watu, kwa kasi yao ya kawaida, wakatoa hukumu. Shule hizo ambazo serikali iliziita za kata, mtaani zikaitwa za yeboyebo, kwa jina la viatu vya plastiki vya bei chee. Walimu waliopelekwa huko baada ya mafunzo mafupi wakaitwa voda fasta, kama huduma ya kuongeza salio la simu. Shule za msingi za umma, zilipozungukwa na shule binafsi zenye majina ya watakatifu, zikatawazwa nazo: Mtakatifu Kayumba, ambaye hayumo katika kalenda ya kanisa lolote. Ni dhihaka, na wakati mwingine ni dhuluma kwa walimu wanaojituma. Lakini hakuna ripoti ya wizara iliyoeleza kwa ufupi zaidi jinsi mfumo mmoja wa elimu ulivyogawanyika kuwa wa wenye nacho na wa wasio nacho.

Upande wa pili ni majina yanayobadilishwa kwa waraka. Mkaguzi wa shule siku hizi ni mthibiti ubora. Kenya, pamoja na mtaala mpya wa umilisi, darasa la nne limekuwa gredi ya nne. Huenda kazi nayo ikabadilika. Lakini mtafiti asiihesabu siku ya waraka kuwa siku ya mabadiliko. Amuulize mwalimu anapoliona gari la wathibiti likiingia uwanjani, anakimbilia kufanya nini.

Hapo tunafika kwenye istilahi ya wataalamu. Wanasosholojia wetu huiita shule asasi ya kijamii, na wengine taasisi, kana kwamba ni mamoja. Ningependa tuyatenge. Shule fulani yenye mhuri, bodi na akaunti ya benki ni taasisi, na inaweza kufungwa kwa barua moja. Asasi ni ule utaratibu ulioota ndani yetu: kwamba mtoto wa miaka 7 sharti akae na rika lake, apimwe, apangwe, na cheti kiseme yeye ni nani. Taasisi zetu zimebadilishwa mara nyingi tangu 1892. Asasi imebadilika polepole sana, na ushahidi ni kitenzi kufaulu. Kwa bahati mbaya "asasi" sasa limechukuliwa na asasi za kiraia, na wanafunzi wengi wakilisikia hufikiria semina na posho.

Kamusi za istilahi za elimu tulizonazo hutoa neno na maana yake ya leo. Zinahitaji pia mwaka na mahali: nani alilisema, shule ipi, wakati gani. Ikiwa ulisoma middle school, yaani shule ya kati, kabla haijafutwa, au ulilima shamba la shule miaka ya sabini, au ulifundisha kwa leseni baada ya mafunzo mafupi, andika mlivyoiita shule yenu nyinyi wenyewe, pamoja na mwaka, kisha umpe karatasi hiyo mwanafunzi wa historia aliye karibu nawe.