Kufa na Pesa Mkononi

Kama simu yako inakuletea video kama zangu, basi umeshawaona wale Wamarekani wanaojiandaa kwa mwisho wa dunia. Jamaa anafungua mlango wa chuma, anashuka ngazi, na huko chini ya ardhi ana makopo ya maharagwe ya kumtosha mpaka wajukuu. Ulaya nao wameanza. Machi 2025, Umoja wa Ulaya uliwashauri raia wake waweke nyumbani chakula, maji na vitu vingine muhimu vya kuwatosha saa 72. Sisi Wakenya tunapita hapo chini na utani wetu ule ule: kwetu dharura ni siku ya kawaida, hatuhitaji tangazo.

Sawa, tucheke. Lakini kuna kitu kinanikera kwenye huo utani. Unafanya ionekane kama kujiandaa ni mambo ya Wazungu wenye pesa za kupoteza, na kwamba Mwafrika siku zote ameishi akingoja Mungu. Si kweli hata kidogo. Wazee wetu walikuwa na hii elimu, tena waliijenga katikati ya boma ambapo kila mgeni angeiona. Ilitutoka polepole, na tunaweza kufuatilia ilivyotutoka.

Mimi ni Mkamba wa Makueni kwa kuzaliwa na mtu wa Pipeline kwa kodi ya nyumba. Kwetu wazee hawakuhesabu miaka kwa tarakimu, walihesabu kwa njaa. Njaa kwa Kikamba ni *yua*, na kila yua kubwa ina jina lake. Ukimuuliza susu, yaani nyanya yangu, fulani alizaliwa lini, hakutajii mwaka, anakutajia yua. Kuna Yua ya Ndeke, njaa ya ndege, ya 1961, kwa sababu chakula cha msaada kilishuka kutoka angani. Na kuna moja ya mapema miaka ya 1980 ambayo jina lake nikilisikia bado nasisimka: *Nikw'a Ngwete*. Maana yake ni "nakufa nikiwa nimeshika."

Umeshika nini? Pesa.

Hebu tulia hapo kidogo. Hawa hawakuwa watu waliokosa hela. Vijana wao walikuwa Nairobi na Mombasa wakituma mishahara nyumbani, wengine walikuwa wameuza ng'ombe. Noti zilikuwa mfukoni. Dukani ndiko hakukuwa na kitu. Ukame wa 1984 ulipopiga, serikali ililazimika kuagiza mahindi kutoka nje, yakiwemo yale ya njano ambayo wazee mpaka leo wakiyataja wanakunja uso. Swali langu ni hili: watu walifikaje mahali ambapo pesa ndiyo akiba yao pekee?

Zamani akiba ilikuwa jengo. Kwa Wakamba na Wakikuyu iliitwa *ikumbi*, ghala lililoinuliwa kutoka ardhini ili unyevu na panya wasifike, paa la nyasi juu. Kwa Wakikuyu kila mke alikuwa na lake, na mume hakuwa na ruhusa ya kuchota atakavyo. (Wanaume, msinipigie simu, mimi naeleza tu.) Wajaluo walisuka *dero*, kikapu kikubwa kuliko mtu, na paa lake lilifunuliwa kama kifuniko cha sufuria. Pwani, Wamijikenda waliweka mahindi kwenye uchaga juu ya meko, ili moshi wa kila siku uyakaushe na kuwafukuza wadudu. Hakuna aliyesema anajiandaa kwa dharura. Walikuwa wanapika ugali tu, na ghala linafanya kazi yake.

Ndani kulikuwa na nini? Wimbi na mtama, zaidi ya kitu kingine. Wimbi ni punje ndogo ngumu ambayo wadudu hawaiwezi kwa urahisi, na ikikauka vizuri inakaa miaka. Kunde na mbaazi zilichanganywa na majivu. Kwa wafugaji akiba ilikuwa na miguu, na hapa ndipo ninapowavulia kofia, kwa sababu hakuna aliyeweka ng'ombe wake wote zizi moja. Unampa rafiki wa mbali watatu, shemeji wawili, na wewe unafuga wa wengine. Ukame ukipiga kwako, huko kwingine bado unao. Leo kampuni ya bima ingekutoza kila mwezi kwa hiyo huduma.

Na ghala likiisha? Wakamba walikuwa na neno, *kuthuua*. Ni kufunga safari kwenda kutafuta chakula kwa watu wengine, kwa kubadilishana mali au kazi. Ukambani ni kukavu, lakini milima ya Wakikuyu na Waembu mara nyingi inapata mvua. Kwa hiyo undugu na biashara na hao majirani ulikuwa sehemu ya pantri yako. Hiki ndicho kitu ambacho yule Mmarekani na mlango wake wa chuma hana. Yeye amejiandaa dhidi ya jirani. Susu zetu walijiandaa pamoja naye.

Sasa nisije nikakuuzia hadithi ya peponi. Huo mfumo ulikuwa na mwisho wake, na mwisho huo ulifika miaka ya 1897 mpaka 1900. Miaka hiyo kila kitu kilikuja pamoja. Sotoka ilikuwa imeshafagia ng'ombe miaka ya 1890. Nzige wakaja. Mvua ikakosekana msimu baada ya msimu. Misafara ya biashara na kambi za ujenzi wa reli zilihitaji chakula kingi, na mwenye akiba alikuwa ameshauza sehemu yake. Kisha ndui. Wakamba waliiita Ngomanisye, iliyopenya kila mahali. Wakikuyu waliiita Ng'aragu ya Ruraya, njaa ya Ulaya, nadhani kwa sababu walijua vizuri nani alikuwa ameingia nchini. Ng'ombe wa kwa rafiki walikufa na wa kwako wakafa. Ukienda kuthuua, unampata mwenyeji naye ana njaa. Familia ziliweka rehani wanawake na watoto kwenye maboma yenye chakula, na wengine hawakurudi kamwe. Maelfu na maelfu walikufa. Kwa hiyo mtu akikuambia zamani tulijitegemea na hakuna aliyelala njaa, mwambie akasome tena.

Lakini mvua zikarudi, na maghala yangejaa tena kama kawaida. Kilichobadilika ni kwamba sasa kulikuwa na mtu wa kudai chake kwanza. Mwaka 1901 kodi ya nyumba ikaanza, baadaye kodi ya kichwa. Kodi haikulipwa kwa wimbi, ililipwa kwa sarafu. Sarafu inapatikana kwa njia mbili: uuze kilicho ghalani, au kijana aende akafanye kazi kwa Mzungu. Ghala likaanza kuvuja upande wa pesa.

Kisha mahindi. Mahindi hayakutushinda kwa nguvu, yalitushawishi. Yanazaa sana, na ndege hawayasumbui kama mtama. Hili la ndege si dogo, kwa sababu waliokuwa wakifukuza ndege shambani ni watoto, na watoto walikuwa wameanza kwenda shule. Mwaka 1964 mbegu chotara za kutoka Kitale zikatoka na mavuno yakapanda. Ila mahindi yana ubaya mmoja: hayakai. Fukusi wanayapenda, na miaka ya 1980 akaingia dumuzi, mdudu aliyeletwa Afrika Mashariki pamoja na nafaka za kutoka nje, anayeweza kugeuza gunia lako unga kabla hujapata kinu. Kwa hiyo mkulima mwenye akili anafanya nini? Anauza mapema akiwa na bei mbaya, halafu miezi michache baadaye ananunua kwa bei ya juu. Tumebadilisha chakula kinachokaa kwa chakula kinachokimbia.

Na kuthuua? Serikali iliifunga. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia mkoloni aliweka udhibiti wa mahindi. Bei za walowezi zilikuwa nzuri kuliko za Mwafrika, na kusafirisha nafaka kutoka wilaya moja hadi nyingine kukahitaji kibali. Mwaka 1943 nchi ikapata njaa mbaya hata tume ya uchunguzi ikaundwa. Ungedhani baada ya uhuru tungefuta vibali. Wapi! Vilikaa mpaka miaka ya 1990. Yaani ile safari ya babu kwenda kwa rafiki yake Embu kubadilishana mbuzi na mahindi ilikuwa imegeuzwa magendo, na polisi wa kizuizini ndiye aliyeshiba. Sasa unganisha: ghala limeisha, ng'ombe wameuzwa, jirani yuko ng'ambo ya kizuizi, na wewe una noti. Nikw'a Ngwete.

Mtu atasema, si turudi tu kuweka chakula nyumbani? Taratibu. Mwaka 2004, Makueni kwetu na Kitui, watu 317 waliugua na 125 wakafariki kwa sumu ya aflatoksini, inayotokana na ukungu unaoota kwenye mahindi yenye unyevu. Uchunguzi ulionyesha kitu kinachouma: waliougua walikuwa wameweka mahindi mabichi ndani ya nyumba, badala ya ghalani. Ikumbi lilikuwa na upepo chini na pembeni. Chumba cha mabati hakina. Akiba bila ile elimu inaua.

Haya, twende Pipeline. Jengo letu lina orofa nane. Ukifungua kabati za majirani zangu utapata unga nusu pakiti, mafuta ya kupimiwa ya shilingi ishirini, sukari ya kufungwa kwenye karatasi. Uchumi wa kadogo. Simlaumu mtu, na naomba wachumi wa mitandaoni waache kuhubiri kwamba maskini hajui kununua kwa jumla. Ukilipwa kwa siku, unanunua kwa siku. Na hata ukipata hela, bedsita ya mita tatu kwa tatu gunia utaliweka wapi, kifuani? Ghala letu sisi ni duka la pale chini, na duka lenyewe linategemea lori la leo.

Lori likikosa kuja je? Januari 2008 tuliona. Vurugu za uchaguzi zilifunga barabara na maduka, na katika mitaa mingi ya Nairobi watu wenye pesa walikosa pa kuzitumia. M-Pesa haikuwa imemaliza hata mwaka mmoja, na iliwaokoa wengi waliotumiwa hela na ndugu. Siidharau. Lakini kumbuka usiku wa Ijumaa, Agosti 25, 2023, stima ilipopotea karibu nchi nzima, na sehemu nyingi ikarudi siku iliyofuata. (Afadhali 2016, tulikuwa na wa kumlaumu: tumbili alianguka kwenye transfoma kule Gitaru akazima Kenya nzima, na yeye akapona.) Katika jengo refu stima ikienda, pampu haipandishi maji. Mfereji unakauka, choo kinakuwa siasa. Simu zinaanza kuzima moja baada ya nyingine, na pesa zako zimo humo ndani, salio zuri tu, huwezi kununua mkate. Nilikaa kwenye ngazi gizani nikifikiria lile jina la Kikamba. Susu kule Makueni, na kabambe yake ya betri ya siku nne na tangi lake la maji ya mvua, aliskia habari ya giza redioni kesho yake.

Kwa hiyo mimi nimefanya nini? Vitu vya kawaida. Mitungi miwili ya lita 20 inajazwa siku ambayo maji yanakuja, na haiguswi. Kuna noti nilizoficha mahali ambapo hata mimi ni vigumu kufika. Unga wa wimbi, kwa sababu uji unaiva haraka na gesi ni ghali. Jiko la makaa nalo nimeliweka, lakini ni la kuwashwa nje kwenye ujia, sio ndani. Tusizike mtu kwa moshi wa makaa.

Kazi ngumu ni ile nyingine. Kwenye ujia wetu tuna nyumba kumi, na mwaka juzi hatukujuana majina. Sasa tuna chama. Badala ya kupokezana pesa tu, tunanunua gunia moja la mahindi na nusu gunia la maharagwe baada ya mavuno, bei ikiwa chini, kwenye ile mifuko isiyopitisha hewa ambayo wakulima wanatumia kumnyonga dumuzi. Tunapima unyevu kwa njia ya wazee: mahindi na chumvi kavu kwenye chupa, unatikisa, chumvi ikishika kwenye kioo bado hayajakauka. Anayekwama mwisho wa mwezi anachota gorogoro, inaandikwa, anarudisha.

Ugomvi ulikuwa nani atakaa na gunia. Wanaume watatu walijitolea haraka sana, ikawa shida. Mwishowe tulimpa mama wa nyumba namba sita, muuza mboga, kwa kura tisa. Liko chini ya kitanda chake, juu ya mbao mbili ili lisiguse sakafu. Wiki iliyopita mume wake alikuja kutulalamikia kwamba ananyimwa ufunguo.