Kumpima Mtu kwa Matendo Yake

Leo tutazungumza habari za saikolojia, yaani elimu ya nafsi na mwenendo wa mtu.

Tuanze nyumbani. Maji yamekupwa. Mama anakwenda mwambani kutafuta pweza. Mwanawe wa miezi tisa analia. Jirani anasema, "Huyu amedekezwa." Je, jirani amempima mtoto kwa haki? Amesikia kilio kimoja tu.

Hata wataalamu walishindana katika jambo hili. Mwaka 1913 John B. Watson wa Marekani alisema kwamba elimu hii ishike yanayoonekana, yaani matendo. Wengine walifuata njia nyingine. Mwaka 1921 Hermann Rorschach wa Uswisi alitoa madoa 10 ya wino. Mtu huonyeshwa doa, akaulizwa anaona nini. Kwa majibu yake mtaalamu hutafuta yaliyomo moyoni.

Sasa sikilizeni habari ya Uganda. Mwaka 1954 Bibi Mary Ainsworth, aliyesomea Kanada, alifika Kampala. Alikuwa bingwa wa madoa yale. Lakini mtoto mchanga hawezi kuulizwa. Basi akaenda vijijini pamoja na mkalimani. Alizitembelea jamaa 26 zenye watoto wachanga 28. Kila baada ya wiki mbili alirudi, akakaa kiasi cha saa mbili, akitazama na kuandika. Mtoto amelia lini? Nani ameondoka? Akibebwa na nani hunyamaza?

Akaona kwamba mtoto anayemlilia mamaye si lazima awe amedeka. Kilio kile huonyesha kuwa amekwisha mjua mtu wake. Tena, mtoto aliyemtumaini mamaye hutambaa mbali kuchungua vitu, kisha humrudia. Habari hizo zilitoka kitabuni mwaka 1967.

Katika miaka ile ya 1960 wataalamu wengi walianza kupima mwenendo hivyo: kuhesabu tendo, kuandika lililotangulia na lililofuata.

Kazi yenu ya wiki hii: chukueni daftari. Kwa siku tatu, kila mtoto wa nyumbani akilia, pigeni mstari mmoja. Kando yake andikeni nini kilitangulia. Ndipo mtoe hukumu, si kabla.