Pepo na Jahanamu Chini ya Mlima Meru

Mwezi wa Oktoba mwaka 1896, wamisionari wawili wa jumuiya ya Leipzig, Ewald Ovir na Karl Segebrock, waliuawa usiku pale Akeri, katika miteremko ya kusini ya Mlima Meru, hata hawajakaa sana nchini. Na jeshi la Wadachi lililotumwa kulipiza kisasi likaua watu, likateketeza nyumba na migomba, likateka ng'ombe. Misheni ya Nkoaranga ikasimama mwaka 1902, na ya Ilboru, kwa Waarusha, mwaka 1904; na huko watoto wakafundishwa kwamba roho ikiachana na mwili huenda mahali pa raha ama mahali pa adhabu.

Wako wasimuliao kana kwamba watu wa mlima huu hapo kabla hawakuwa na fikira yoyote juu ya mambo hayo, nami naona kusema hivyo ni kuwadhulumu. Kweli Waarusha, kama jamaa zao Wamaasai wanaosema nao lugha moja, hawakuwa na itikadi ya kiyama wala ya hesabu ya amali baada ya kufa. Lakini walimjua Engai, yaani Mungu, naye aliporidhia aliitwa Narok, yaani mweusi mfano wa wingu la mvua, na alipoghadhibika aliitwa Nanyokie, mwekundu, na radhi hiyo na ghadhabu hiyo zilimfikia mtu angali hai, bomani mwake, mbele ya ng'ombe na watoto wake. Aliyelaaniwa na mzazi hakungoja mauti ndipo aonje mateso, kwani aliamka nayo na kulala nayo, na kila ndama aliyekufa alimzidishia khofu. Na faraja yake ilikuwa kumrudia mzee yule yule, akatemewa mate ya baraka, na wazee walioketi wakaitikia "Naai" kila kipande cha dua. Kwa Wameru, kama kwa Wachaga, mkosaji alichukua jani bichi la isale, refu, lililochongoka ncha, akampelekea aliyemkosea kuomba msamaha. Na aliyelikataa jani lile ndiye aliyehesabiwa kujitafutia balaa, hata kama haki ilikuwa yake.

Sisemi kwamba desturi hizo zilikuwa sawasawa na kuhubiri pepo na jahanamu. Nasema kwamba watu hao walikwisha kuzijua hali mbili za nafsi, mateso na faraja, ambazo wanazuoni wa dini kubwa nao wamezitafakari karne nyingi. Misafara ya biashara, na baadaye boma la Wadachi lililojengwa mwaka 1900, ambalo leo ni makumbusho mjini Arusha, vilileta Waislamu kutoka pwani pamoja na elimu yao. Na katika elimu hiyo yumo Imamu Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, ambaye katika kitabu chake cha Kimiya al-Saada alieleza mioto mitatu inayoichoma roho: moto wa kutengwa na matamanio ya dunia, moto wa fedheha, na moto wa kunyimwa kuuona uzuri wa Mola. Hakuikana akhera; alionyesha tu kwamba kuni za moto huo hukusanywa hapa hapa. Kwa Wakristo nako, Julai 1999, Papa Yohane Paulo II aliwafundisha mahujaji mjini Roma kwamba mbingu si mahali mawinguni bali ni uhusiano hai na Mungu, na kwamba jahanamu ni hali ya yule aliyejitenga naye kwa hiari yake.

Basi mzee wa Kiarusha aliyetema mate juu ya utosi wa mwanawe hakuwa mbali na wanazuoni hao kama vile mahubiri ya zamani yalivyotuaminisha. Itikadi yake ilihukumiwa kabla haijasikilizwa. Ninawaomba vijana wa Akeri, Nkoaranga na Ilboru, walio wana wa kanisa na wa msikiti vilevile, waende wakaketi na wazee wanaozijua dua hizo na desturi ya isale, waziandike kwa lugha zao wenyewe, neno kwa neno, wazee hao wangali wakisema.