Gari kuukuu na kodi ya mtoaji

Magari mengi ya msaada yanayopita Natta, kwenye barabara ya kutoka Makutano kwenda Mugumu, hutambulika kwa nembo za milangoni: ya hifadhi, ya kanisa, ya shirika. Kisichoonekana ni kwamba aliyechangia gari hilo mara nyingi naye alipunguziwa kodi kwao. Sisi tunaopokea tunapaswa kuijua historia ya punguzo hilo.

Kwa hifadhi ya Serengeti, historia hiyo inafaa kuanzia mwaka 1958, Mjerumani Bernhard Grzimek, mtaalamu wa wanyama, na mwanawe Michael walipofika na ndege yenye milia ya pundamilia kuhesabu wanyama. Michael alifariki ndege hiyo ilipoanguka tarehe 10 Januari 1959. Baba hakuiacha kazi. Kwa miaka mingi aliwaomba Wajerumani michango kupitia televisheni, na Frankfurt Zoological Society ikawa inaipatia hifadhi magari na vifaa. Miaka ya 1980 uchumi wetu ulipoyumba, magari ya doria yalikaa juu ya mawe, na majangili wakawapunguza tembo hadi mia chache. Hapo ndipo thamani ya gari la msaada ilipoonekana. Leo Mjerumani anayechangia shirika la hisani huweza kuuondoa mchango huo kwenye mapato yanayotozwa kodi, hadi asilimia 20 ya mapato yake.

Ila punguzo la kodi kwa kutoa gari lililochakaa ni jambo la Wamarekani hasa. Chanzo ni Vita ya Kwanza ya Dunia. Mwaka 1917 kodi ya mapato ilipopandishwa, wabunge walihofu matajiri wataacha kuchangia vyuo na hospitali, wakaruhusu michango iondolewe kwenye hesabu ya kodi. Miaka ya 1990 matangazo yakawaita wenye magari yaliyochoka, na bei alikadiria mtoaji mwenyewe. Gari lililokufa injini likaandikwa bei ya gari zima. Wakaguzi wa Bunge la nchi hiyo walikadiria kuwa kwa mwaka 2000 walipakodi wapatao 733,000 walidai punguzo hilo, na serikali ikakosa dola milioni 654. Wakayafuatilia magari 54: kwa theluthi mbili yake, shirika la hisani liliambulia asilimia 5 ya bei iliyodaiwa, au chini ya hapo. Sehemu ilimezwa na madalali na matangazo. Sehemu haikuwahi kuwepo isipokuwa kwenye karatasi.

Sheria iliyotiwa saini Oktoba 2004 iliuziba mwanya huo. Likidaiwa punguzo la zaidi ya dola 500, mtoaji huhesabiwa tu bei ambayo gari liliuzwa. Lakini shirika likilitumia gari katika kazi zake, likalikarabati kwa kiasi kikubwa, au likampa mtu maskini, bei ya soko hukubaliwa. Kipengele hicho ndicho ninachokithamini kuliko vyote, kwa sababu kinaangalia kazi ya gari. Sharti lingine ni kuwa shirika liwe la Marekani. Anayelipeleka gari moja kwa moja kwenye zahanati ya Natta hapunguziwi kitu.

Kwetu Tanzania, Sheria ya Kodi ya Mapato ya mwaka 2004, kifungu cha 16, inaruhusu mchango kwa taasisi ya hisani inayotambuliwa uondolewe kwenye mapato ya biashara, usizidi asilimia 2 yake. Mwenye hoteli ya kitalii anaweza kufaidika. Mwalimu wa Natta anayekatwa kodi kwenye mshahara hafaidiki, hata akiitoa pikipiki yake ibebe wagonjwa. Huo ni uonevu, na Bunge linaweza kuuondoa.

Wakati huohuo, ndugu zetu walio ng'ambo wanaotaka kutuma gari kuukuu nyumbani wakumbuke ushuru wa uchakavu unaolisubiri bandarini. Kabla halijapakiwa melini, wakiulize kijiji nani atalipa ushuru huo, nani atamlipa dereva, na kama fundi wa Mugumu anazipata spea zake.