Wigo Usubiri Mvua Ziishe

Ukipita mitaa ya Sumbawanga mvua zikiwa zimekolea, utasikia mapanga yakilia kwenye nyua. Michongoma na minyaa imerefuka, imeziba madirisha, na mwenye nyumba anahofia nyoka na mwizi. Ni haki yake. Lakini ndani ya vichaka hivyo hivyo, majira hayo hayo, ndege wanalea makinda. Katika Ufipa jambo hilo si dogo, na sababu yake imo katika historia.

Uwanda wa Ufipa ni nchi ya majani. Anayetoka Tunduma huona vilima vitupu hadi macho yakachoka. Si kwamba miti haikuwepo. Wafipa walikuwa mafundi wa chuma. Matanuru yao ya udongo, malungu, yalisimama kimo cha mita 3 hivi, yakivuta upepo yenyewe bila mivukuto, na yalikula mkaa kwelikweli. Kazi hiyo ilififia katika nusu ya kwanza ya karne ya 20, majembe ya Ulaya yalipojaa madukani. Moto wa kiangazi na mashamba navyo vilichukua sehemu yao. Msitu wa asili umebaki vipande, kama ule wa Mbizi ulio juu ya mji.

Mwaka 1974 Sumbawanga ikawa makao makuu ya mkoa mpya wa Rukwa. Nyumba zikaongezeka, na nyumba nyingi zikataka wigo. Kwa ndege mdogo wa vichakani, wigo huo ndio msitu aliobakiwa nao.

Sasa tuteremke bondeni. Mbuga za Ziwa Rukwa ni mojawapo ya mazalio ya nzige wekundu, waliosumbua Afrika ya mashariki na kusini kuanzia 1930 hadi 1944. Mwaka 1949 serikali za kikoloni ziliunda shirika la kimataifa la kuwadhibiti, makao yake yakiwa Abercorn, mji uitwao leo Mbala, Zambia. Mmoja wa wataalamu wake, Desmond Vesey-FitzGerald, alichapisha mwaka 1955 maandishi juu ya ndege wanaowinda nzige hao. Watu waliokuwa na sumu na magari bado waliona inafaa kuwachunguza ndege!

Najua nitajibiwa kwamba korongo hatagi kwenye mchongoma. Kweli. Wala simtetei kwelea. Lakini hata mnana, mla nafaka tunayemfukuza shambani, huwalisha makinda wake wadudu, na viwavi vya bustanini ni chakula chao.

Mkulima wa Kifipa anajua kila ukataji una majira yake. Majani huyafukia kwenye matuta ya duara, intumba, mvua zikielekea ukingoni, udongo ungali laini. Wigo nao una majira yake: kuanzia Juni, mvua zikiwa zimekwisha na viota vingi vikiwa vitupu.

Anayeogopa nyoka afyeke majani ya chini na kusafisha shina. Ndege wengi wa wigoni hutaga juu zaidi. Dirisha lililozibwa lifunguliwe, tawi kwa tawi, baada ya kuchungulia ndani. Tawi lenye mayai lipewe mwezi mmoja hivi. Makinda wakisharuka, panga lirudi.