Kuba la Bristol: Habari za Raja Rammohun Roy

Katika makaburi ya Arnos Vale, mjini Bristol, Uingereza, baina ya misalaba na mawe ya Kikristo, limesimama kuba la mtindo wa Kihindi, lenye nguzo pande zote na lisilo kuta, na chini yake amezikwa Raja Rammohun Roy, mzaliwa wa kijiji cha Radhanagar katika nchi ya Bengal, aliyefia ugenini tarehe 27 Septemba 1833.

Aghalabu watu humkumbuka kwa jambo moja, nalo ni kuipinga desturi ya sati, ambayo kwayo mjane wa Kihindu aliteketezwa hai pamoja na maiti ya mumewe. Si vibaya kumkumbuka hivyo, kwani katika jimbo la Bengal serikali iliandika habari za wajane zaidi ya 8,000 walioangamia kati ya 1815 na 1828. Lakini aanzaye hapo ameshika mkia wa habari akakiacha kichwa.

Rammohun alikuwa Mbrahmini kwa nasaba, ila jamaa zake waliwahi kuwatumikia watawala wa Kiislamu, kwa hiyo yeye naye akasomeshwa Kiajemi na Kiarabu kabla hajakijua Kiingereza. Kitabu chake cha kwanza tukijuacho, Tuhfat al-Muwahhidin, alikitunga kwa Kiajemi na kukitilia dibaji ya Kiarabu, mnamo 1804. Na hoja yake ni kwamba mataifa yote yamewafikiana juu ya Muumba mmoja, wakahitilafiana katika yale tu waliyoyarithi kwa wazee wao pasipo kuyapima kwa akili. Katika shina hili la tauhidi ndipo yalipochipuka yote aliyoyatenda baadaye, hata ile jumuiya ya Wabrahmo aliyoiasisi Kalkuta mwaka 1828.

Basi alipolikabili suala la sati hakuazima maneno ya wageni. Mwaka 1818 alitoa kijitabu cha Kibengali, chenye mjadala wa watu wawili, mmoja akiitetea desturi na mwenziwe akiikanusha. Na yule mkanushaji akatoa dalili zake katika sheria za Wahindu wenyewe, hasa za Manu, aliyemwamuru mjane aishi kwa utawa, wala hakumwamuru afe. Bentinck, Gavana Mkuu wa Waingereza nchini India, alipomtaka shauri, Rammohun alichelea kwamba amri ya ghafula ingezusha fitina. Walakini sheria ya kuipiga marufuku sati ilipotoka tarehe 4 Desemba 1829, aliisimamia kwa nguvu zake zote. Washikilia desturi wakapeleka rufani London. Naye akasafiri huko mwishoni mwa 1830, akiwa pia mjumbe wa Akbar wa Pili, mfalme wa Kimughal wa Delhi, ambaye ndiye aliyempa cheo cha Raja. Na rufani ile ikatupwa mwaka 1832, yeye mwenyewe yungali Uingereza.

Mwaka uliofuata alikuwa mgeni wa rafiki zake huko Stapleton, karibu na Bristol, homa ikamshika na kumwua. Mwilini mwake ulikutwa ule uzi mtakatifu wa Kibrahmini, ambao hakuuvua maisha yake yote. Kwa kuwa alihofu kwamba maziko ya Kikristo yangewanyima wanawe mirathi, alizikwa kimya bustanini, bila ya sala ya kanisa. Miaka kumi baadaye, mwaka 1843, sahibu yake Dwarkanath Tagore akamhamishia Arnos Vale na kumjengea kuba.

Leo Kalkuta ina barabara yenye jina lake na nyumba yake iliyofanywa makumbusho, na Bristol ikamsimamishia sanamu mwaka 1997, katikati ya mji. Mimi nalipenda zaidi lile jiwe la maandishi lililotiwa kaburini mwaka 1872. Linasema alizaliwa 1774, hali wanahistoria wengi husema 1772. Ila katika tartibu ya sifa zake waliolitunga hawakukosea, kwani wametaja kwanza imani yake thabiti katika umoja wa Mungu, kisha elimu yake ya lugha nyingi, na ndipo walipofika kwa wajane.